Kibali cha Kupunguza Kasi

Wananchi walitangaziwa kwa redio, kwa vipaza sauti vya barabarani, na kwa mabango yaliyobandikwa hadi kwenye milango ya vyoo vya umma, kwamba taifa limeachana rasmi na mwendo wa polepole. Mashine zote za umeme za kuchanganyia keki, ziwe za bekari au za nyumbani, zitaendeshwa kwa kasi namba sita, ambayo ndiyo ya juu kabisa, tangu kijiko cha kwanza cha sukari hadi chembe ya mwisho ya unga. Namba moja hadi tano zitabaki kwenye mashine kama kumbukumbu ya kihistoria.

Mtangazaji alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kasi za Uchanganyaji, mtu wa tai pana na shingo fupi. Hakuwahi kuoka hata mkate, lakini alikuwa amefanya ziara za mafunzo kila mahali penye hoteli nzuri.

"Anayechanganya unga kwa namba moja," alisema, "ni mtu aliyekata tamaa na nchi yake."

Mkaguzi Mkuu wa Mamlaka hiyo alipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuzunguka majikoni na kusimamia agizo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na aliipenda kanuni kama wenzake walivyopenda mpira. Mitaani walimwita Mzee Sita kwa kumcheka. Yeye alidhani wamempa cheo.

Isitoshe, Mamlaka ilikuwa na huruma. Mwenye sababu nzito aliruhusiwa kuomba Kibali cha Kupunguza Kasi, ambacho kingejadiliwa na kamati chini ya uenyekiti wa Mkurugenzi, kisha kusainiwa na Mkurugenzi kwa wino wa buluu. Tangu dirisha la maombi lifunguliwe, hakuna aliyekipata, jambo lililothibitisha kwamba hakuna aliyekihitaji.

Bekari ya kwanza kukaguliwa ilikuwa ya mama mmoja hodari wa kupamba keki, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapambo. Alitokea jikoni akiwa mweupe kuanzia kilemba hadi kope.

"Karibu, mzee. Usikimbie, si mzuka. Ni mimi."

"Naona mashine iko sita. Hongera."

"Iko sita, ndiyo. Unga uko darini, mayai yako ukutani, na wateja sijui waliko."

"Na keki?"

Mama Mapambo akachukua keki moja akaigonga mezani. Ko! Ko! Ko! "Bisha hodi mwenyewe."

Mkaguzi aliigusa, akaibonyeza, akaridhika kwamba bidhaa imefikia uimara wa kiwango cha ujenzi.

"Mzee wangu," Mama Mapambo alisema, akipangusa kope, "siagi na sukari utazipiga kwa nguvu, sawa. Lakini unga ukishaingia, unakwenda nao taratibu. Ukiupiga kwa fujo unavutika, keki inakuwa soli ya kiatu. Kila hatua na mwendo wake."

"Hayo ni maoni yako."

"Ni maoni ya unga."

"Unga haukujitokeza wakati tunakusanya maoni," Mkaguzi alisema, na akaenda zake akiwa ameshinda.

Ripoti zilimpendeza Mkurugenzi. Krimu ya kupambia, ikipigwa kwa sita bila kuhurumiwa, ilikuwa inageuka siagi. Mamlaka ikatangaza kwamba uzalishaji wa siagi umepanda. Bekari zilianza kufunga milango. Mamlaka ikatangaza kwamba foleni za mikate zimekwisha.

Jioni moja Mkaguzi alirudi nyumbani, na kabla hajavua viatu akasikia kutoka jikoni mlio uliomgandisha damu. Ulikuwa mlio mdogo, wa taratibu, kama wa paka aliyeshiba.

Akaingia. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya mashine, akimwaga unga kidogo kidogo kwenye bakuli, na hakuna hata chembe iliyokuwa hewani.

"Mama Watoto! Hiyo ni namba ngapi?"

"Moja. Nisogezee hayo maziwa."

"Moja? Ndani ya nyumba ya Mkaguzi Mkuu?"

"Hii ni keki ya harusi ya shemeji yako, mdogo wangu wa mwisho. Unataka bwana harusi ang'oke jino mbele ya wakwe zake?"

"Sheria ni msumeno, mke wangu."

"Naujua huo msumeno. Unakata mbele na nyuma. Angalia usije ukawa umeukalia."

Mkaguzi alifungua mkoba wake, akatoa waya na lakiri, akaifunga mashine ya mkewe hapo hapo, unga ukiwa bado haujachanganyika. Mkewe alimwangalia kama mtu anavyoangalia doa kwenye kitambaa kipya.

Mezani Mkaguzi alikuta sahani yake imefunikwa vizuri. Akafunua. Tupu.

"Hiki ni nini?"

"Chakula cha kasi namba sita," mkewe alijibu. "Kimeshapita."

Kisha mama huyo akabeba shuka lake akahamia chumba cha mabinti, na keki ya harusi akaichanganya kwa mwiko, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa mwiko haukuwa chini ya Mamlaka. Keki ilikuwa kubwa, ya ghorofa. Asubuhi Mkaguzi aliona kifundo cha mkono wa mkewe kimevimba, kimefungwa kitambaa. Alitaka kusema pole. Neno lilimfika kooni, likakwama pale, kwa sababu hakujua lipitie idara gani.

Harusi ilifana, kila mtu aliisifu keki. Mkaguzi alikula vipande viwili laini, kwa huzuni.

Ndipo ikawadia Siku ya Kasi Kitaifa. Ukumbi ulijaa mawaziri, waandishi wa habari, wenye bekari walioletwa ili washangilie, na familia za watumishi wa Mamlaka. Jukwaani iliwekwa mashine kubwa ya bekari, iliyokazwa kwa nati. Mkurugenzi aliamua kuchanganya keki yeye mwenyewe. Alipopewa aproni aliikataa.

"Aproni," alisema, "ni vazi la wenye mashaka."

Akawasha, akaizungusha swichi hadi sita, akamimina beseni zima la unga kwa mpigo. Mlipuko mweupe ukapanda, safu ya mbele ikatoweka. Unga ulipotulia, watu walimwona Mkurugenzi ameinama juu ya bakuli kama anayenong'ona nalo siri. Tai yake pana ilikuwa imenaswa kwenye vyuma vya kupigia, na mashine ilikuwa inamvuta na kumwachia, inamvuta na kumwachia, shavu likiingia kwenye uji wa keki na kutoka.

"Punguzaaa!" alilia.

Mkaguzi aliruka. Mkono wake ulikuwa umeshaikaribia swichi aliposita. Ni mkono wa namna hiyo hiyo, wa kupunguza kasi, aliokuwa akiukamata katika kila jiko la mji. Akageuka ukumbini. Akamwona Mama Mapambo, mikono kifuani. Akamwona mkewe katika safu ya familia, kifundo bado kimefungwa kitambaa. Na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akahisi utamu halisi wa kufuata kanuni.

"Mkubwa," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "kibali kiko wapi?"

"Zima! Zima kabisa!"

Mkaguzi akamtazama Mwanasheria wa Mamlaka, mama mwembamba asiyecheka.

"Kuzima," mwanasheria alisema, "ni kupunguza hadi sifuri. Ni tafsiri ya Mkurugenzi mwenyewe. Kuchomoa waya pia."

"Basi leteni nisaini!"

Kibali kikaletwa. Mkurugenzi, akipita na kurudi, akachovya kidole kwenye uji akachora kitu.

"Hii ni yai na siagi, mkubwa," Mkaguzi alisema kwa masikitiko. "Kanuni inataka wino wa buluu. Halafu kamati haijakaa."

"Ikae!"

"Mwenyekiti wake ni wewe, na hali yako si ya kukaa."

Waandishi wa habari walikuwa wameacha kuandika; walikuwa wanafuta machozi. Mwanasheria alifunua kurasa, akapata njia moja tu. Kiti cha Mkurugenzi kikitamkwa kuwa kiko wazi, afisa anayefuata kwa cheo huwa Kaimu, na Kaimu ana mamlaka yote ya kusaini. Afisa huyo alikuwa Mkaguzi Mkuu.

"Kwa hiyo, mkubwa, ili uokolewe, inabidi usiwepo," Mkaguzi alieleza. "Unakubali kwamba hupo?"

Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kwa kasi namba sita. Kama alikitikisa yeye au mashine, mwanasheria alisema hilo si suala la kisheria.

Kaimu Mkurugenzi akachomoa kalamu ya buluu, akasaini, akaipunguza mashine hadi moja, kisha akaizima. Ukumbi ulisimama kwa makofi, na wenye bekari hawakuhitaji kuelekezwa. Jioni ile aliikata lakiri jikoni kwake, akamwambia mkewe pole, bila kuipitisha idara yoyote. Mkewe akamfunulia sahani; ilikuwa na chakula. Kesho yake agizo la namba sita lilifutwa.

Wiki iliyofuata, mtu mwenye bandeji shingoni aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Haya, mzaha umekwisha," alisema. "Inuka, nataka kiti changu."

"Karibu, mzee. Kiti kina utaratibu," Kaimu alisema bila kuinuka. "Utaleta maombi dirishani, yatapelekwa kwenye kamati. Mwenyekiti wa kamati ni mimi."

"Na hiyo kamati itakaa lini?"

"Tutalishughulikia suala lako kwa kasi inayostahili."

"Kasi ipi?"

Kaimu alifunika kalamu yake ya buluu, akairudisha mfukoni polepole.

"Namba moja."