Kufuli Langu Kubwa la Kumbukumbu

Jumatatu, 4 Machi
Ofisi nzima inaisimulia hadithi hii kichwa chini miguu juu. Eti kufuli langu linachelewesha mashine. Waongo. Mimi, niliyeliona darasa kupitia dirishani, ndiye niliyeliweka kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, wao wakiwa bado wananyonya. Programu ikitafuta ukurasa, yaani kipande cha data, ikaukosa kwenye kumbukumbu, kiini kinafunga kumbukumbu yake yote, kinauleta ukurasa kutoka diski, kinafungua. Wengine wangoje. Kungoja kumemuua nani?

Sasa binti wa dada yangu, niliyemtafutia kazi mwenyewe, anataka kila eneo la kumbukumbu liwe na kikufuli chake. Eti, "Mjomba, mtu akiingia chooni unafunga nyumba nzima?" Wakacheka. Hata mfagizi.

Jumanne, 5 Machi
Bosi kaamua: Alhamisi mimi na mpwa tunapimwa, kufuli la nani lina kasi. Atakayeshindwa anahamishiwa kwenye printa. Mimi, printa. Hasira mpaka chai imenipalia.

Jumatano, 6 Machi
Dawa yake nimeipata. Walipokwenda kula nimeingia kwenye kazi yake, nikachomeka kufuli langu nyuma ya vikufuli vyake. Litamshika shati, aende mwendo wa kobe. Akili hii haifundishwi chuoni.

Alhamisi, 7 Machi
Mashine yake haikwenda hata huo wa kobe. Imeganda. Kabla hajagusa kitu nikawaeleza, maana nani mwingine angeweza: nyuzi mbili za programu, yaani kazi zake mbili zinazokwenda pamoja, mmoja umeshika kikufuli unangoja kufuli kubwa, mwingine umeshika kufuli kubwa unangoja kikufuli. Zinatazamana kama wakwe waliogombana.

Bosi akauliza, "Mzee, umejuaje kuna kufuli kubwa humo?"

Maswali ya kitoto.

Mpwa akang'oa mistari yangu ya kufuli, akawasha. Ukurasa ukikosekana eneo moja, maeneo mengine yanaendelea na mambo yao. Mashine ikatimua vumbi. Nimemwambia nilikuwa namjaribu. Hana shukrani. Bosi akanikabidhi printa huku analia, jinsi anavyoumia kunipoteza.

Ijumaa, 8 Machi
Huku fujo tupu. Printa tano, kila mtu anachapa anapotaka. Nimeweka kufuli moja: mmoja anachapa, ofisi yote inangoja. Foleni imefika kwenye ngazi, inanitukana. Washamba. Mpwa kapita, kashika kiuno: "Mjomba, tena?" Nimemwambia aje kujifunza.

Lile la bosi kulia nimelitia chumvi. Machozi yalikuwepo, ila alikuwa anacheka.