Nailoni Nyeupe ya Banda la Msikiti

Zinga, Jumanne, 12 Machi 1957

Kifua kinabana. Idi sidhani nitaiona, kwa hiyo naandika kweli tupu. Mimi, mwalimu mstaafu, ndiye mshika ufunguo wa banda la msikiti: masufuria ya shughuli, mikeka, jeneza, ubao wa kuoshea maiti. Upepo umevunja vioo vya madirisha. Mvua imeingia, mikeka imeota ukungu. Wazee watakagua Ijumaa baada ya sala. Wakiuona ukungu, ufunguo atapewa Alawi, shemeji yangu. Bora nitangulie kufa!

Jumatano, 13 Machi

Vioo havipatikani ila Dar. Nimejikongoja dukani. Zipo nailoni za aina mbili: nyepesi inayoonyesha ndani, na nzito, nyeupe kama tui. Alawi, ambaye hakuna aliyemwita, akashauri ile nyepesi, ati inaleta mwanga. Mwanga! Anataka kuchungulia. Nimechukua nyeupe. Akauliza, kwa upole, nina nini cha kuficha. Nikakohoa mpaka akaondoka.

Alhamisi, 14 Machi

Mke wangu Mwanamkasi amegongomea, mimi nimeelekeza. Ndani hakuonekani kitu. Safi. Kesho watu wakiwa msikitini nitaisugua mikeka, kisha nifukize udi kuua harufu. Mgonjwa ana udhuru wa kukosa Ijumaa. Mungu ni mwingi wa rehema. Alawi siye.

Ijumaa, 15 Machi

Aibu. Nilijifungia, nikasugua. Maji yakatiririka chini ya mlango. Udi ukafuka. Watu wakatoka kusali, wakaona madirisha yamezibwa kwa nyeupe, maji yanatoka, udi unanukia, na mimi sikuonekana safuni. Wakaelewa mara moja: maiti inaoshwa. Yangu!

Vilio. Alawi alilia kuliko wote. Alisema mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na kwamba mtaa umebaki yatima. Ilinipasa kutoka. Lakini maneno yalikuwa matamu; nikangoja kidogo. Ndipo mzee Bwanausi akauliza ufunguo sasa atashika nani.

"Nipeni mimi, wazee wangu," Alawi akasema kwa kwikwi. "Marehemu angependa."

"Marehemu hapendi!"

Wakatimka. Bwanausi aliacha kiatu. Waliporudi, polepole, nikawafungulia mlango, wakauona ukungu haujatoka.

Jumamosi, 16 Machi

Ufunguo anao Alawi. Alikuja asubuhi, akanishika mkono. "Shikamoo, Mwalimu. Alhamdulillahi u hai. Pumzika sasa." Macho yake bado mekundu. Nilimwitikia marahaba kwa shida. Nusura nimpende.

Baadaye nimesikia ameshaisafisha mikeka yote, imekauka, inang'aa. Keshokutwa wazee wataikagua tena.

Nailoni haina kufuli. Nikichana pembe moja tu, mvua itamaliza kazi. Nimemtuma Mwanamkasi wembe. Anadhani nataka kunyoa ndevu.