Saa za Mama na Mteja Mwenye Mafua

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza, na nina mpango. Mwaka jana Mama alifuturu ndani ya teksi, tende moja, adhana inalia, foleni haisogei. Sisi mezani tulilitazama bakuli lake la supu ya harira likipoa. Mwaka huu haitatokea! Bosi wake, Si Sqalli (huku kwetu “Si” ni Bwana), anayeuza vigae vya hapa kwetu Fez katika nchi za mbali, ametangaza kwamba wiki hii kila mfanyakazi ajichagulie saa ya kuingia na kutoka, mradi kazi yake itimie. Ni majaribio. Mama amechagua kuingia mapema sana na kutoka mchana. Sielewi vizuri saa inavyoweza kuwa ya mtu binafsi, lakini naunga mkono.

Jumatatu, 3 Machi

Mimi mwenyewe nilimwamsha Mama, asije akachelewa. Kosa! Bibi haitambui saa ya Ramadhani, ile ambayo serikali huirudisha nyuma saa moja kila mwaka. Anasema serikali ikitaka kurudisha saa nyuma irudishe ya kwake, ya jikoni iachwe. Kimya kimya alikuwa ameisogeza tena mbele. Mama alikaa nje ya ofisi saa nzima na paka wa mlinzi.

Hakukasirika! Alirudi mapema huku akiimba, tukakunja vitobosha vya lozi vya futari pamoja. Anasema asubuhi kazi huisha upesi, kabla kichwa hakijaanza kudai kahawa. Hata Si Sqalli amekiri kwamba oda zimetoka bila kosa, na kwamba leo, kwa mara ya kwanza, hakuna aliyeumwa jino ghafla.

Jumanne, 4 Machi

Hatari. Bi Bouchra, mwenzake Mama, hulala fofofo baada ya daku, kwa hiyo amechagua kuingia mchana. Simu za jioni ni zake. Mama anahofu kwamba mwenzake asipozipokea, Si Sqalli atafuta mpango wote. Nikaamua kumkagua. Nilichukua simu ya Bibi, nikabana pua, nikapiga kuuliza bei ya vigae vya kijani. Akapokea Si Sqalli mwenyewe! Nikakata. Nikapiga tena, kuhakikisha: yuleyule Si Sqalli. Na tena. Akanipa pole ya mafua.

Jumatano, 5 Machi

Nimechanganyikiwa. Nilidhani Bi Bouchra atakemewa. Badala yake Si Sqalli amewakusanya wote, uso unang'aa, akatangaza kwamba biashara iko jioni! Simu hazikatiki! Dunia nzima inataka vigae vya kijani! Kuanzia kesho kila mtu akae hadi karibu na adhana.

Mama alitusimulia hayo, akaweka mkoba chini. Bibi alimwita Si Sqalli jina ambalo haliandikiki katika mwezi mtukufu.

Dawa ipo. Kesho nitapiga asubuhi, Si Sqalli aone kwamba asubuhi ndiyo yenye wateja.

Alhamisi, 6 Machi

Nilipiga wakati wa mapumziko, nyuma ya madarasa, pua nimeibana, kwa simu ya Bibi, niliyoiazima bila kumsumbua kwa kumwambia. Akapokea Mama. Ana sauti tamu ya kazini ambayo nyumbani hatujawahi kuisikia! Nilitaka kumwita Mama, nikajizuia. Nikaagiza vigae vya mabafu sita.

Jioni kiti chake kilikuwa kitupu. Adhana ililia. Nikaifunika harira yake kwa sahani.

Alifika tumeshamaliza. Alisema Si Sqalli sasa anaona biashara iko asubuhi na jioni, na kwa kuwa Mama hupokea simu vizuri, amemwomba awepo nyakati zote mbili. Kwa hiari yake Mama, bosi alisisitiza. Nimejaribu kulichora jambo hili kwenye karatasi. Halichoreki.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amerudi mapema!

Asubuhi alimpigia mteja wa mabafu sita kuthibitisha oda. Namba hakuitazama. Akapokea Bibi, akasema yeye ana bafu moja tu na linavuja, na kama ni fundi, mbona kachelewa hivyo. Mama akaitambua sauti, akajua ni nani aliyeichezea simu hiyo, akamweleza Si Sqalli yote. Anasema bosi alicheka hadi akatafuta kiti. Kisha akamwita Lalla, kwa heshima, akasema, “Huyo binti yako asiguse simu mpaka aolewe!” Na kwa kuwa wiki nzima mteja msumbufu alikuwa mmoja tu, yaani mimi, Mama abaki na saa zake mwezi mzima.

Amefuturu nasi. Akaniongezea harira, akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nikajibu ndiyo, sana.

Na ni kweli! Zile simu zimemrudisha Mama nyumbani. Kama ofisi imewezekana, shule itashindikanaje? Hisabati ya asubuhi inanichanganya. Ikisogezwa jioni huenda ikanielewa. Jumatatu nitampigia mwalimu mkuu, kwa sauti ya mzazi mwenye kikohozi.

Bibi ameificha simu yake. Jirani bado hajaificha ya kwake.