Betri Moja, Mwaka Mzima

Jumatatu, 6 Mei
Leo nimethibitisha kwamba mimi ni kichwa. Bosi kalalamika mbele ya ofisi nzima ya wachora ramani: vipanya vyetu vya kompyuta visivyo na waya vinatafuna betri kama njugu. Anataka msimamizi wa vifaa. Nikasimama! Nikaahidi betri moja, mwaka mzima. Wakacheka. Wacheke tu. Nimepewa hadi Ijumaa. Mpinzani ni katibu muhtasi, tunayemwita Bi Kimya. Yeye hata hakusimama, kanyoosha kidole tu. Jioni nikampigia mama mkwe, yule asemaye bintiye kaolewa na domo tupu. Nikamwambia cheo nimeshapata. Akakata simu. Raha iliyoje!

Jumanne, 7 Mei
Nimeingia kwenye mipangilio. Hesabu ni nyepesi: mshale ukikimbia, betri inachoka. Basi nimepunguza kasi ya mshale kwenye kompyuta zote kumi, hadi mwisho kabisa. Isipokuwa ya Bi Kimya, kakataa. Sasa mshale ukitaka kuvuka kioo, kipanya kinasafiri meza mbili. Mchoraji mmoja kamwaga chai ya jirani yake, kisha kaniuliza kama nina akili timamu. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Wakati wa kutoka, Bi Kimya kapindua kipanya chake, kabonyeza kitu tumboni, huyo kaenda zake. Labda alikuwa anafuta vumbi. Maskini!

Jumatano, 8 Mei
Betri nne zimekufa. Zilitoka dukani na maradhi yao. Nimesoma kwamba taa ya kipanya haihangaiki juu ya kitu cheupe, na meza zetu ni nyeusi tii! Kumbe adui ni meza. Stoo nikakuta karatasi kubwa, nene, nyeupe pe, imeviringishwa vizuri. Upande mmoja una mistari mistari, huo nikaulaza chini. Nimekata vipande kumi, nikagawa meza kwa meza. Bosi kapita, kasifu. Mke wangu anasema nisivimbe kichwa. Sivimbi, ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 10 Mei
Mteja kaja kuchukua ramani ya zahanati yake, yenye sahihi na mihuri yote. Ikatafutwa kila kona. Mwishowe Bosi kainua kipanya, kageuza karatasi, kakuta choo cha wagonjwa. Wodi ilikuwa kwa mchoraji mkuu. Mlango wa mbele, kwangu. Mteja kapiga magoti sakafuni anaunganisha zahanati, anahema. Nikamfariji kwamba angalau betri sita ni nzima. Hakushukuru. Kisha ikaulizwa betri ya Bi Kimya: ile ile tangu Januari! Siri yake? Swichi chini ya kipanya, ati huizima kila jioni. Huo nao ni ujuzi? Cheo kapewa yeye. Mimi nimepelekwa mapokezi. Nilijifungia stoo nikalia, kidogo tu, kwa heshima zangu.

Jumatatu, 13 Mei
Nimemweleza mama mkwe kwamba sasa haingii mtu ofisini bila idhini yangu. Kauliza kama hiyo si kazi ya bawabu. Wivu huo! Hapa nina kalamu moja na daftari la wageni: jina, anwani, aendako, saa. Wino wote huo! Hakuna aliyeliona hili kabla yangu. Leo wamekuja wageni kumi na wawili. Wote nimewaandika "mgeni". Alasiri Bosi kashuka ngazi mbio, anauliza ni nani aliyetoka na kompyuta yake kwapani. Nikamfungulia daftari kwa fahari. Wino haujapungua hata kidogo.