Mama Mkwe Kwenye Kona ya Kwanza

Jumatatu, 16 Juni

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana sikuishtukia.

Mzee Liaquat katuita ofisini, mimi na Nelly, akafunga mlango. Katika duka letu la spea za baiskeli hapa Shinyanga, mlango wa ofisi hufungwa kwa swala au kwa mtu kufukuzwa kazi. Wakati wa swala ulikuwa bado.

Kumbe ni mbio! Jumamosi ndiyo hatua ya mwisho ya Mbio za Kanda. Hatua fupi ya mlima, kutoka Geita mjini hadi kilima cha mnara wa simu. Timu yetu na timu ya duka la Bhagwati wa Kahama zimelingana. Mzee anasema chakula hakimpiti kwa wasiwasi. Anataka sisi makarani, tuliosomeshwa, tumtabirie mbinu za Marwa, nahodha wa Bhagwati, ili nahodha wetu Donatus ajue la kufanya.

Nelly kajibu bila hata kukuna kichwa. Hatua ni fupi, akasema, kwa hiyo Marwa atachomoka mlima wa kwanza kabla miguu ya watu haijapata moto.

Mimi nikasema hapana. Nimetazama mbio za Ulaya kwenye simu mpaka nikavaa miwani. Hatua fupi ya mlima ni kama bao: anayekimbilia kula ndiye anayeliwa. Marwa atabaki nyuma. Atamtanguliza msaidizi wake, Kalisti, achoropoke mapema, kisha amsubiri kwenye tambarare kati ya milima miwili ili amkinge upepo. Nikachora mshale ubaoni. Nikaongeza mwingine. Mzee kaipenda mishale.

Halafu akatoa sharti. Tawi la Nyarugusu halina msimamizi. Atakayekosea utabiri ndiye atakayekwenda.

Nyarugusu! Kwenye maduara ya wachimbaji, shimo hapa, shimo pale! Mimi, niliyetumbukia kwenye mtaro wa mbele ya duka mchana kweupe, nikiwa na tochi mkononi!

Jumanne, 17 Juni

Upelelezi. Nikamwambia Mzee jino linauma, nikapanda basi hadi Kahama. Vijana wa Bhagwati hufanya mazoezi barabara ya Buzwagi. Nikavaa kofia ya pama, nikachuchumaa nyuma ya magunia ya mkaa. Mwenye mkaa kauliza nanunua au najisaidia. Nikasema nachagua.

Wakaja. Kila kilipoanza kilima, Marwa alichomoka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kwenye kila kilima! Kalisti nyuma, ulimi nje. Hakuna kujificha, hakuna kumtanguliza mtu. Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi.

Kisha Marwa akasimama mbele ya magunia. Ni Mkurya mwenye mabega ya kabati. Kauliza jino linaendeleaje.

Nelly! Kapiga simu Kahama!

Marwa akaniambia kwa upole kabisa nisijichoshe. Jumamosi atachomoka mlima wa kwanza. Nimwambie Donatus ale ugali wa kutosha na aniache mimi nile dawa ya jino. Vijana wote wakacheka, na mwenye mkaa naye, ambaye nilidhani tuko upande mmoja.

Nimerudi na mkaa ambao sikuuhitaji.

Jumatano, 18 Juni

Nimeokoka! Asiyeweza kutabiri mvua na afungulie bomba.

Nimempigia Serafina, karani wa Bhagwati, tuliyesoma naye. Hana siri ya kudumu. Kaniambia Marwa haogopi mtu wala mnyama, ila kitu kimoja: mama mkwe wake. Kaoa juzi tu, binti aitwaye Hosiana, kwao Nyarugusu. Siku mama huyo alipofika Kahama, Marwa alimwona kwa mbali sokoni akaingia kwenye mtaro mzima mzima ili kumpisha. Alipoitwa, akamsalimu amechuchumaa, macho chini, mpaka alipoambiwa ainuke.

Nikaketi. Nikafikiri. Nikasimama.

Mkwe hapitwi! Mama Hosiana akiwa amekaa kwenye kona ya mlima wa kwanza, Marwa atashuka kwenye baiskeli. Lazima. Akishuka atabaki nyuma, Kalisti atatangulia, na utabiri wangu utatimia kama nilivyouchora. Mishale yote.

Nelly kauliza ninachekea nini. Nikasema jino limepona.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda Nyarugusu kwa miguu yangu. Yaani kwa basi, lakini kwa hiari. Nimetembea katikati ya njia, mikono imenyooshwa pembeni, nikichungulia mashimo. Wachimbaji wakaniuliza kama najifunza kuruka.

Mama Hosiana anapikia wachimbaji chakula. Mtu haendi kwa mzazi mikono mitupu, kwa hiyo nilibeba doti ya khanga, sukari na majani ya chai. Nikachuchumaa, shikamoo, marahaba. Mambo yakaenda vizuri kupita matarajio! Mama yule ni makini mno. Kauliza ukoo wangu, dini yangu, kazi yangu, kama wazazi wapo, kama nakunywa pombe. Kisha kawaita kaka zake wawili waje waione khanga. Wakaigeuza pande zote, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Watu wa huku wanathamini nguo.

Binti yake mdogo, Loveness, akaleta maji ya kunywa. Kanitazama kuanzia viatu hadi miwani, akaenda kucheka nyuma ya nyumba.

Nikasema nina ombi moja: Jumamosi Mama akae kwenye kona ya kwanza ya mlima, kwa heshima yangu, mbele za watu. Mama kasema vijana wa siku hizi hamna subira, mnakuja wenyewe bila mshenga. Nikajibu kwamba jambo langu ni dogo, mshenga wa nini. Wajomba wakacheka sana. Mama kasema jambo limepokelewa.

Limepokelewa! Wala sikubembeleza.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemshauri Nelly kirafiki anunue viatu vya mpira na chandarua. Kaniangalia kama risiti iliyofutika.

Mzee katoa amri ya mwisho. Donatus ang'ang'anie gurudumu la nyuma la Marwa. Aende anakokwenda Marwa, afanye anachofanya Marwa. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa kweli sikusikiliza vizuri. Nilikuwa naipanga meza ya Nelly akilini.

Jumamosi, 21 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mimi na Mzee kwenye pikapu, tairi za akiba nyuma, Geita nzima barabarani. Mlima wa kwanza tu, Marwa akachomoka, kama Nelly alivyosema. Donatus akamganda. Mzee akanigeukia taratibu. Nikamwambia asubiri kona.

Kona ikafika. Mama Hosiana juu ya kiti, khanga yangu imemkaa, wajomba kulia na kushoto, akina mama wa Nyarugusu nyuma yake. Marwa kamwona. Breki! Kashuka, kalaza baiskeli majanini, kachuchumaa, macho chini.

Na Donatus, aliyeambiwa afanye anachofanya Marwa, naye akashuka. Akachuchumaa. Wenzake wa timu yetu wakamwona nahodha wao kachuchumaa, wakachuchumaa, na wa Bhagwati vilevile. Mbio zikawa foleni ya salamu.

Mama hana haraka na salamu. Kauliza hali ya Hosiana, hali ya nyumba, hali ya kuku. Marwa kajibu mhola, salama, kwa kila kuku. Donatus naye akajibu mhola. Kuku wa nani, hajui.

Mzee Liaquat akawa anapiga honi ambayo si ya kwake. Dereva kamwachia.

Ndipo Kalisti akafika, wa mwisho, ulimi nje. Yeye hana mkwe Nyarugusu. Kasema shikamoo Mama bila kusimama, akapita. Baadaye kasimulia kwamba alisubiri kwenye tambarare mpaka akamaliza maji, hakuja mtu, akaona aibu kukaa, akaenda kushinda.

Utabiri wangu! Kalisti mbele, Marwa nyuma! Nilikuwa nataka kumwambia Mzee hivyo hivyo nilipomsikia Mama Hosiana akiuliza kwa sauti kubwa, mkwilima wake wa pili, yule wa kwenye gari, yeye hashuki kusalimu?

Vigelegele. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mkwe. Nyuma palikuwa na tairi tu.

Nikashuka. Nikachuchumaa pembeni ya Marwa. Marwa kaninong'oneza bila kuinua macho: karibu kwenye ukoo, karani. Jino limepona?

Loveness alikuwa anarekodi kwa simu. Kasema yeye hajakubali chochote, na anayemtaka aupande kwanza mlima huu kwa baiskeli, bila kusukuma.

Jumapili, 22 Juni

Mzee kaendelea kupiga honi tangu Geita hadi Shinyanga. Nikahesabu hilo kuwa baya. Leo kaniita nyumbani kwake, kafunga mlango. Nikahesabu hilo kuwa baya zaidi.

Akaanza kucheka. Kacheka mpaka mkewe, Mama Gulnaz, kaja na maji. Kasema timu imeshindwa, lakini sharti ni sharti: Kalisti katangulia, Marwa kabaki nyuma, utabiri wangu ulikuwa sahihi, wa Nelly umekosea, kwa hiyo Nelly ndiye wa kwenda Nyarugusu.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Ila, kasema Mzee, hawezi kumtenga kijana na wakwe zake. Ni dhambi. Tena duka lenye wakwe jirani halikosi wateja. Nitakwenda mimi, kama msimamizi. Hongera.

Nelly kaniletea viatu vya mpira na chandarua. Vipya. Alivinunua kwa ushauri wangu.

Jumatatu, 23 Juni

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa lilikuwa khanga. Sasa naliona wazi. Khanga ni kitu chenye maana nyingi.

Kwa hiyo nimepanga mbinu ya kulifuta jambo lote kwa heshima. Nitakwenda kwa Mama Hosiana kumwomba radhi. Safari hii sitajipeleka mwenyewe kama mhuni. Nitafuatana na Mzee Liaquat na watu wazima wengine wawili, wote tumevaa vizuri, ili aone sina utani. Na nitambebea mbuzi jike, mweupe, aliyenona.

Nimeshachora mishale. Mbuzi hawezi kueleweka vibaya.