Ulimwengu Ulioanza Bila Kibali

Wananchi wa Tabora na viunga vyake walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji, kwamba kuanzia Jumatatu hiyo sheria zote za asili zingekuwa chini ya Kurugenzi ya Uratibu wa Maumbile. Mkurugenzi wake, Bwana Vedasto, alisimama dirishani akalisikiliza tangazo likipita mara tatu. Moyo wake ulijaa furaha. Hatimaye mvutano wa dunia ulikuwa umepata mkubwa wake.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Batuli, mwalimu wa fizikia huko Kigwa, aliyewafundisha kidato cha nne namna ulimwengu ulivyoanza. Akipatikana na hatia angesimamishwa, na mtihani wa taifa ulikuwa wiki mbili mbele.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Ati nguvu zote za asili zilikuwa kitu kimoja?"

"Ndivyo tunavyodhani, mzee. Joto lilikuwa kali mno. Mchuzi ukichemka, mafuta huyaoni, ukipoa, yanajitenga. Ulimwengu ulipopoa, nguvu zikajitenga zikawa nne."

"Katika kikao kipi?"

"Hapakuwa na kikao. Hata sekunde moja ilikuwa haijatimia."

Vedasto alichukizwa kwa dhati. Yeye alihitaji miezi minane kuigawa idara moja iwe mbili, na mpaka leo viti havijatosha.

"Na ulitanuka kwa kasi kuushinda mwanga?"

"Anga lenyewe ndilo lililotanuka. Kikomo cha kasi ya mwanga ni cha vitu vinavyokimbia ndani yake."

"Kila dereva anayekamatwa kwa mwendo kasi ana maelezo yake! Misafara ya kale haikupita hapa bila ruhusa ya mtemi, sembuse ulimwengu?"

Akamwamuru karani wake, Shigela, aandike uamuzi: chochote kilichoanza kabla ya kanuni za ofisi hiyo kupitishwa ni batili, na wahusika wasimamishwe kazi papo hapo, bila kuoneana haya. Akausaini. Barua ya kumsimamisha Batuli ikafuata, akaivuta aisaini nayo.

"Samahani," Batuli akasema. "Kanuni za ofisi hii zilipitishwa lini?"

"Ijumaa iliyopita!" Vedasto alijibu kwa fahari.

Shigela akakohoa. "Bosi, wewe uliripoti kazini Januari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imekula kwako. Papo hapo, umesema." Akaichukua kalamu taratibu kutoka vidoleni mwa Vedasto. "Mwalimu, barua yako haina wa kuisaini. Wahi darasani."

Vedasto alicheka, kisha akaona karani hacheki. Akaomba karatasi, akaandika rufaa ya kurasa mbili, yenye machozi ya kweli. Shigela aliisoma yote kwa heshima, akamrudishia.

"Haipokelewi hivi. Rufaa ya mtumishi lazima ipitie kwa mkurugenzi."

"Mkurugenzi si mimi?"

"Nafasi iko wazi, mzee. Kaa hapo kwenye benchi. Akiteuliwa, tutakuita."