Mlezi wa Wapiga Mlima

Muuza nyama alikuwa amenunua kamera nzito kama tofali, na sasa alisimama kwenye kibanda cha fundi simu akiuliza swali lililomfanya mtu mmoja pale pembeni asahau simu yake kwenye chaji.

"Fundi, hii mashine kitufe chake cha kuondoa mawingu kiko wapi? Kila nikienda hifadhini kuupiga ule mlima, narudi na picha ya shuka."

Fundi simu akakuna kichwa. Mtu wa pembeni hakukuna chochote. Mjini alijulikana kwa majina mengi, kutegemea wiki hiyo anauza nini. Alipouza dawa ya kuotesha nywele alikuwa Daktari. Alipouza viwanja vilivyokuwa katikati ya mto alikuwa Mhandisi. Asubuhi ile, papo hapo, bila mtihani wala joho, alijitunuku cheo kipya: Profesa Lenzi.

"Kitufe kipo, kaka," alisema. "Lakini hakibonyezwi na kidole ambacho hakijasoma."

Muuza nyama akakitazama kidole chake kwa aibu.

Tumtendee haki Profesa: alikuwa na shida ya kweli. Alikuwa akilala kwenye sofa la dada yake, sofa fupi lililomtaka kila usiku achague alaze kichwa au miguu. Shemeji yake alikuwa ametangaza, kwa upole wa kutisha, kwamba Jumapili sofa linauzwa, na aliye juu yake asipoondoka atauzwa nalo. Profesa alishaona chumba cha kupanga. Kina dirisha, kina kitasa, na kitasa kinafunga kwa ndani! Kilichokosekana ni kodi tu.

Basi Jumamosi warsha ya picha za mandhari ikafunguliwa rasmi mlimani, ndani ya hifadhi, kwenye uwanda wa mawe wenye baridi ya kukunja masikio. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba wanafunzi walitambuana kwa kupiga chafya. Walikuwepo muuza nyama, mwalimu mstaafu wa jiografia, maharusi wapya ambao hawakuachana mikono hata kamera ilipowataka waachane, na Mama Mapazia, mwenye duka la mapazia, mama mnene mwenye sauti ya asali na mkoba mkubwa wa kutosha kubebea mtoto. Yeye ndiye aliyewatafutia gari, na dereva wake alibaki usukani akisinzia.

Profesa alivaa kizibao chenye mifuko kila mahali, na kila mfuko ulikuwa na ada ya mtu. Begani alibeba begi la kamera. Ndani ya begi mlikuwa na taulo.

"Somo la kwanza ni adabu," alisema. "Mlima haupigwi kama picha ya kitambulisho. Kwanza unausalimia."

"Tunausalimiaje?" aliuliza muuza nyama.

"Wewe una umri gani, na mlima una umri gani?"

Wote wakageukia ukungu. "Shikamooo!"

Wakatega masikio.

"Haujaitikia," alisema muuza nyama.

"Umeitikia. Sikio lako ndilo bado la mjini."

"Kisayansi," mwalimu mstaafu alikohoa, "huu ni mlima wa volkano, na volkano..."

"Basi mwalimu, wewe rudia mara mbili."

Mwalimu akarudia mara mbili.

Mpango wa Profesa ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Wanafunzi wageuke, wafumbe macho, wasikilize ukungu. Yeye anyate hadi kwenye gari, amwambie dereva kuna mgonjwa, na kwaheri. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme "geukeni" Mama Mapazia aliponyoosha mkono.

"Nina hoja."

Ole wa mahali popote ambapo watu wamekusanyika na mmoja akasema ana hoja. Chama huzaliwa hapohapo. Kabla Profesa hajafumba kinywa, mwalimu mstaafu alikuwa mwenyekiti, muuza nyama katibu, maharusi wajumbe, na Mama Mapazia, kwa kujitolea, mweka hazina.

"Na Profesa wetu je?" aliuliza mwenyekiti.

"Awe mlezi!" Mama Mapazia akaanza kupiga makofi, wote wakafuata.

Hapo ndipo angekimbia. Lakini Profesa katika maisha yake hakuwahi kupigiwa makofi na watu ambao hakuwalipa. Akaweka mkono kifuani. "Nimepokea, kwa unyenyekevu mkubwa."

"Sasa, kama ilivyo ada," alisema Mama Mapazia kwa sauti ile ya asali, akipanua mkoba, "mlezi ndiye anafungua mfuko."

Profesa akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akatoa kitu kidogo.

"Mlezi wa chama cha washonaji alitoa cherehani," Mama Mapazia akawaambia wengine. "Lakini yule alikuwa mtu mzito."

"Mfuko wa kushoto umevimba, Mlezi," alisema katibu. "Unauma?"

"Niseme jambo," akaongeza Mama Mapazia. "Atakachotoa baba, sisi watoto tutatoa mara mbili yake. Au siyo, ndugu wajumbe?"

"Ndiyo!" wakajibu maharusi, ambao siku hizo walijibu ndiyo kwa kila kitu.

Mara mbili! Kichwa cha Profesa kikawaka taa. Kumbe hawa wanamjazia mkoba! Atoe chake, watoe mara mbili, kisha wafumbe macho, naye aondoke na mkoba mzima. Si chumba tena hicho, ni chumba na sebule! Akapekua kila mfuko hadi bitana zikaning'inia nje kama ndimi. Wanachama nao wakatoa bila kinyongo. Mkoba ukashiba.

"Hazina iwekwe chini, hapa nyuma yangu," aliagiza Profesa. "Sasa geukeni wote. Fumbeni macho, sikilizeni ukungu. Nami nitafumba niwaongoze."

Akafumba jicho moja. Wakasikiliza. Ukungu, ajabu, ulinguruma.

"Nausikia!" alilia muuza nyama kwa furaha. "Unanguruma kama injini!"

Profesa akageuka. Mkoba haukuwapo. Mama Mapazia hakuwapo. Gari lilikuwa likishuka bondeni, na mkono mnene ukipunga dirishani.

"Mweka hazina kaenda benki?" aliuliza mwenyekiti.

"Na yule dereva," bwana harusi alikumbuka, "njiani si alikuwa anamwita Mama Mapazia 'mke wangu'?"

Wote wakamgeukia Profesa. "Mlezi, tunafanyaje?"

Profesa alikuwa amekodoa macho bondeni. Alikuwa akitazama chumba chake, dirisha na kitasa, kikipotea kwenye kona. Ndipo upepo ukavuma, ukungu ukapasuka, na mlima ukajitokeza mzima, mweupe kileleni, mkubwa wa kunyamazisha watu. Wizi ukasahaulika. Kamera zikalia kama panzi.

Muuza nyama alikuja mbio na kamera yake, machozi yakimlengalenga. Kwenye kioo, mlima ulionekana toka shina hadi kilele, na mbele yake alisimama Profesa, kinywa wazi, mifuko yote ikining'inia nje.

"Mlezi, njoo ujione! Wallahi, leo hapa hakuna aliyepigwa vizuri kama wewe!"